Stoo ya uani inaweza kuwa chumba chako cha utulivu, lakini kapeti lije mwisho

Nyuma ya nyumba nyingi za mjini kuna kitu hiki: kibanda cha bati au cha tofali, mlango umefungwa kwa waya, ndani kuna baiskeli isiyo na tairi, ndoo za rangi iliyokauka, kitanda kibovu na magunia ambayo hakuna anayekumbuka yana nini. Wengine wanakiita stoo, wengine banda. Zamani kilikuwa cha kuku, au cha kuni, au kilijengwa kutunzia saruji wakati nyumba kubwa ikipanda, na baada ya hapo hakuna aliyekibomoa.

Wakati huohuo, ndani ya nyumba hakuna pa kukaa mtu peke yake dakika 20. Sebuleni kuna televisheni na wageni. Vyumbani kuna watoto. Mwalimu mwenye madaftari ya kusahihisha anasubiri wote walale ndipo ashike kalamu. Mama anayesomea cheti jioni anafungua kitabu mezani, meza inadaiwa kwa chakula. Kijana anayefanya kazi kwa simu au kompyuta anatoka kwenda kukaa kwenye ngazi ili asikike.

Ndiyo maana wazo la kuigeuza stoo iwe chumba kidogo cha kupumzika, kusoma au kufanyia kazi linawavutia wengi. Tatizo ni kwamba wengi wanaanza na vitu vizuri: kapeti, taa za rangi, sofa ya mtumba, picha ukutani. Kwa mwezi mmoja chumba kinapendeza. Masika ikiingia, kapeti linanuka. Kufika Juni, mchwa wamepanda nyuma ya kabati. Hela imeliwa na stoo imerudi kuwa stoo.

Banda linakalika kwa mambo ambayo mgeni hayaoni: paa, sakafu, hewa, mchwa na umeme. Yakifuatwa kwa mpangilio huo, kazi inakuwa ya bei ya kawaida na ya kudumu. Yakirukwa, baadhi yake yanaharibu samani. Mengine yanaua watu.

Wazo lenyewe si geni

Kuna watu wamefanya kazi kubwa sana wakiwa kwenye vibanda vya aina hii. Mwandishi Roald Dahl aliwahi kuishi Dar es Salaam mwaka 1938 na 1939, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell, kabla hajaingia jeshi la anga la Uingereza. Baadaye alihamia kijiji cha Great Missenden, Uingereza, na katika miaka ya 1950 akajengewa kibanda kidogo bustanini. Humo aliandikia vitabu vya watoto vilivyosomwa dunia nzima, akiwa kwenye kiti kikuukuu na ubao umelazwa juu ya mikono ya kiti badala ya meza.

Mwandishi mwingine, George Bernard Shaw, alikuwa na kibanda katika kijiji cha Ayot St Lawrence ambacho kiliweza kuzungushwa kulifuata jua. Alikipa jina la London. Wageni wasiotakiwa waliambiwa mzee amekwenda London, na haukuwa uongo.

Vibanda hivyo havikuwa vya kifahari. Vilikuwa vikavu, vilikuwa na mwanga, na mlango wake ulifungwa. Tofauti ni kwamba kule walihangaika na baridi, wakati Dar es Salaam, Tanga au Mombasa adui wa kwanza ni joto, na wa pili ni unyevu.

Kwanza, banda lenyewe linafaa?

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, banda linatakiwa kukaguliwa. Kazi hii haihitaji fundi, inahitaji bisibisi, tochi na saa moja.

Mbao za paa na miimo ya mlango zinachomwa kwa ncha ya bisibisi. Ikigoma kuingia, mbao ni nzima. Ikizama kama kwenye sabuni, mbao hiyo imekwisha hata kama kwa nje inang'aa. Kisha mlango unafungwa mchana na mtu anabaki ndani: kila tundu la bati linaonekana kama nyota. Matundu hayo yahesabiwe na kuwekewa alama kwa chaki.

Nyufa za ukutani nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta si jambo la kutisha. Ufa mpana unaokwenda kwa ngazi kutoka tofali hadi tofali, au unaoanzia chini na kupanuka kwenda juu, unaonyesha msingi unashuka. Hapo fundi aitwe kwanza, maana hakuna rangi itakayouficha. Wahenga walishamaliza: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kitu kimoja kinatakiwa kusimamisha kazi kabisa. Kama paa ni la yale mabati mazito ya kijivu yenye mawimbi, ya saruji na asbesto, lisikatwe, lisitobolewe, wala lisivunjwe kwa nyundo. Vumbi lake lina nyuzi ndogo zinazoingia kwenye mapafu na zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Ushauri wa namna ya kuliondoa utafutwe kwa mamlaka ya mazingira, yaani NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya. Paa la namna hiyo ambalo ni zima na halijaguswa lina hatari ndogo kuliko lile linalobomolewa ovyo.

Rangi ya zamani inayobanduka nayo isisuguliwe kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa na risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Iloweshwe kwanza, ikwanguliwe, na watoto wakae mbali.

Kwa mpangaji, kuna hatua moja ya ziada: ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi. Ujumbe wa simu uliohifadhiwa ni bora kuliko maneno ya mdomo. Na kama mpango ni kupanua banda au kuinua kuta, hiyo si ukarabati tena, ni ujenzi, na kibali cha halmashauri au kaunti kinahitajika.

Kusafisha: maji kabla ya fagio

Siku ya kutoa vitu, watu wengi wanaingia na fagio. Hapo ndipo wanakosea. Banda lililofungwa miaka linakuwa na mkojo wa panya, mavi ya popo na vumbi la kila aina. Likifagiliwa kavu, vyote vinapanda hewani na kuingia puani.

Mkojo wa panya unaweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uliozuka mkoani Lindi mwaka 2022 na kusababisha vifo. Mavi ya popo yanaweza kuotesha ukungu unaoathiri mapafu. Njia salama ni rahisi: milango na madirisha yafunguliwe nusu saa, sakafu inyunyiziwe maji yenye dawa ya madoa ya klorini, isubiriwe kidogo, kisha uchafu uchotwe ukiwa umelowa. Glovu, viatu vya kufunika mguu na barakoa vivaliwe. Magunia yasishikwe kwa mkono mtupu, nge anapenda sana sehemu hizo.

Chupa za zamani za dawa ya mifugo, dawa ya shamba au tindikali ya betri zisimwagwe kwenye mtaro wala zisichomwe moto. Na chupa hizo hata zikioshwa zisirudi jikoni kuwekea maji.

Maji ndiyo adui wa kwanza

Maji huingia kwenye banda kwa njia tatu: juu, pembeni na chini.

Juu ni paa. Tundu dogo la msumari linazibwa kwa silikoni ya nje au lami ya paa, baada ya sehemu hiyo kusuguliwa kutu na kukauka. Misumari iliyolegea inang'olewa na kuwekwa mipya yenye kofia na mpira. Bati lililotoboka kama chujio halizibwi, linabadilishwa. Kuziba matundu 30 kwenye bati moja ni gharama kuliko bati jipya, na mvua ya kwanza ya vuli itaonyesha.

Pembeni ni maji yanayoruka kutoka ardhini. Mvua ikimwagika kutoka kwenye bati moja kwa moja hadi chini, matone yanaruka na kulowesha ukuta wa chini. Gata moja upande bati linakoelekea, na bomba la kushusha maji kwenye ndoo au pipa, vinamaliza shida hiyo na kumpa mwenye nyumba maji ya kumwagilia.

Chini ni unyevu unaopanda kupitia sakafu. Kuna jaribio la bure: kipande cha nailoni cha mita moja kinalazwa sakafuni na kubandikwa kingo zote kwa gundi ya utepe, kisha kinaachwa siku mbili. Kikikutwa na matone upande wa chini, sakafu inapumua maji. Hapo kapeti likiwekwa litaoza.

Dawa yake ni kulaza nailoni nzito juu ya sakafu ya zamani, kingo zikipanda kidogo ukutani, kisha kumwaga zege jipya juu yake. Kazi hiyo pia inainua sakafu kuliko uwanja wa nje, jambo ambalo stoo nyingi zimekosa. Sakafu ya ndani ikiwa chini ya usawa wa uwanja, hakuna mlango utakaozuia maji ya masika.

Mchwa hawahami kwa kuambiwa

Mchwa wanaoshambulia nyumba wengi wao wanaishi ardhini na kupanda juu kupitia vijia vya udongo. Wanajenga vijia hivyo kwa sababu mwanga na hewa kavu vinawadhuru. Kwa hiyo michirizi ya udongo ukutani si uchafu wa kufutwa tu, ni barabara inayotoka kwenye kichuguu na kuishia kwenye mbao.

Kuifuta bila kutibu ardhi ni sawa na kufunga duka huku mwizi yumo ndani. Dawa ya mchwa iliyosajiliwa inawekwa kwenye mfereji mdogo unaozunguka msingi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na mtu anayejua kazi hiyo. Kama kuna kisima karibu, lazima aambiwe kabla hajaanza.

La pili ni kutenganisha mbao na udongo. Nguzo ya mbao iliyochimbiwa moja kwa moja ardhini ni chakula kilichoandaliwa. Ikae juu ya kitako cha zege. Kuni, maboksi na mabaki ya mbao yasiegemezwe ukutani.

La tatu ni aina ya mbao. Paina, ile inayotoka kwa wingi Mafinga na Sao Hill mkoani Iringa, ni nyepesi na bei yake inavumilika, lakini bila dawa mchwa wanaipenda. Inunuliwe iliyotiwa dawa kiwandani. Mninga na mvule vinahimili zaidi, ila bei zake si za banda. Wapo wanaopaka oili chafu ya gari kwenye mbao. Kwa nguzo za uzio sawa, kwa chumba cha kukaa hapana, maana harufu haiishi na oili inashika moto.

Joto: bati ndilo jiko

Mtu aliyewahi kuingia kwenye banda la bati saa nane mchana anajua. Joto lile haliji kutoka dirishani, linashuka kutoka juu. Nchi zetu ziko karibu na ikweta, jua la mchana linapita karibu na utosi, kwa hiyo paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Bati linapata moto na kuurusha chini kama jiko lililogeuzwa.

Kuna hatua nne, na zinafaa zifanywe kwa mfuatano huu kwa sababu ya kwanza ndiyo rahisi zaidi.

Ya kwanza ni rangi nyeupe juu ya bati. Bati lenye kutu linanyonya jua, rangi nyeupe inalirudisha angani. Kutu isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe rangi ya awali ya kuzuia kutu, kisha nyeupe ya mabati mara mbili.

Ya pili ni silingi bodi, ikiacha nafasi kati yake na bati. Nafasi hiyo ya hewa ndiyo kinga, bodi yenyewe ni nyembamba tu. Lakini hewa iliyonaswa humo lazima iwe na pa kutokea, kwa hiyo matundu yaachwe pande mbili za juu na yafunikwe kwa wavu mgumu ili popo na panya wasirudi. Faida nyingine ni kelele: mvua juu ya bati tupu inamfanya mtu asisikie hata simu yake, na silingi bodi inaipunguza sana.

Ya tatu ni madirisha mawili yanayotazamana. Dirisha moja, hata likiwa kubwa, halileti upepo, kwa sababu hewa haiingii pasipo na pa kutokea. Kwa ukanda wa Pwani, yakiwa upande wa kusini na wa kaskazini yanapata upepo wa kusi na wa kaskazi, na yanakwepa jua kali la asubuhi na la jioni linalopiga mashariki na magharibi. Kama hela ya dirisha la pili haipo, safu ya tofali za matundu juu ya ukuta wa upande wa pili inasaidia: hewa ya moto hupanda na kutokea huko. Vyote viwekewe wavu wa mbu.

Ya nne ni kivuli. Mmea wa pesheni kwenye waya upande wa magharibi unaleta kivuli cha jioni na matunda juu yake.

Umeme: hapa pasifanyiwe ujanja

Njia inayotumika sana ni kuvuta waya wa ekstensheni kutoka sebuleni, ukapita dirishani, uwanjani, hadi bandani. Kwa taa moja ya usiku mmoja, haya. Kwa chumba cha kila siku ni hatari. Waya ule haukutengenezwa kukaa juani na mvuani. Ganda lake linapasuka, na banda la bati lina hatari ya pekee: waya uliochubuka ukigusa bati, banda zima linakuwa na umeme. Anayeshika mlango akiwa miguu mitupu kwenye uwanja uliolowa hapati nafasi ya kujifunza.

Njia sahihi ni waya maalumu unaotoka kwenye kibodi cha nyumba ukiwa na breka yake, ukafukiwa ndani ya bomba kwa kina ambacho jembe halifiki, na ukiwa na waya wa ardhi. Kuwekwe pia kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kile cha kulinda watu hukata uvujaji ukifika miliampia 30, kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Tanzania leseni hizo zinatolewa na EWURA, Kenya na EPRA, na mteja ana haki ya kuomba kuiona.

Kama mahitaji ni taa, simu na feni ndogo, sola inaweza kutosha bila kuchimba uwanja. Hesabu yake ni nyepesi. Taa 2 za wati 5 kwa saa 5 zinatumia wati-saa 50. Feni ndogo ya betri ya wati 15 kwa saa 6 inatumia 90. Simu inatumia kama 15. Jumla ni 155, na paneli ya wati 50 yenye betri yake inaweza kuzifikia siku yenye jua zuri. Siku ya mawingu, feni inapumzika.

Jiko la mkaa lisiingie humo kamwe

Njombe, Mbeya, Lushoto au Limuru, shida ya mwezi Juni na Julai si joto, ni baridi. Kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa ndani ya kibanda na kufunga mlango ni kikubwa, hasa moshi ukiwa umekwisha na makaa yamebaki mekundu tu. Watu wanadhani moshi ukiisha hatari imeisha. Kumbe ndiyo imebaki ile isiyoonekana.

Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mwilini inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anavuta pumzi kama kawaida huku mwili ukikosa hewa. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Wengi hawaamki. Chumba kidogo ndicho kinachojaa haraka, na kibanda kilichozibwa vizuri ndicho kibaya zaidi.

Hakuna dirisha lililoachwa wazi kidogo linaloweza kuhakikisha usalama. Jenereta nayo vivyo hivyo, isiwashwe ndani wala karibu na dirisha. Kwa baridi, dawa ni silingi bodi, kuziba nyufa za mlango, zulia juu ya sakafu kavu, blanketi na chupa ya maji ya moto. Mtu akikutwa ameishiwa nguvu kwenye chumba chenye jiko, atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu.

Banda la mita 3 kwa mita 2.4 linahitaji nini?

Bei zinatofautiana kila mji, lakini vipimo havibadiliki. Kwa banda la ukubwa huo lenye kuta za urefu wa mita 2.1, mwenye nyumba anaweza kuingia dukani na orodha hii badala ya kukadiriwa na muuzaji:

- Sakafu: zege la inchi 3 ni kama nusu mita ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4, mifuko 4 ya saruji ya kilo 50 inatosha.
- Nailoni nzito: kipande cha mita 3.4 kwa 2.8, ili kingo zipande ukutani.
- Silingi bodi: za futi 8 kwa 4, ni 3. Mbili zinaingia nzima, ya tatu inakatwa nusu.
- Rangi ya ndani: kuta zina kama mita 20 za mraba ukitoa mlango na madirisha. Lita moja hupaka takriban mita 10 kwa mkono mmoja, kwa hiyo galani ya lita 4 inatosha mikono miwili.
- Wavu wa mbu: kwa madirisha yote na matundu yote, bila kusahau ya juu.

Si lazima vyote vinunuliwe mwezi mmoja. Kinachotakiwa ni mpangilio. Paa na gata kabla ya mvua. Dawa ya mchwa, kisha sakafu, ambayo imwagiliwe maji kila siku kwa wiki moja ili zege lisipasuke. Halafu madirisha, umeme, silingi, rangi. Mwenye hela kidogo anaweza kusimama baada ya hatua yoyote bila kupoteza aliyoifanya. Aliyeanza na sofa hana bahati hiyo.

Sasa kapeti linaweza kuingia

Chumba kikishakuwa kikavu na chenye hewa, mapambo hayahitaji pesa nyingi. Kuta nyeupe au za rangi ya maziwa zinakifanya kionekane kikubwa na zinasambaza mwanga. Badala ya kapeti la ukuta hadi ukuta, mkeka au zulia dogo linafaa zaidi, kwa sababu linatolewa nje na kupigwa jua. Rafu ziwe juu ukutani ili sakafu ibaki wazi, na samani ziachane na ukuta kwa upana wa ganja ili hewa ipite na mchwa waonekane mapema.

Meza iwekwe ubavuni mwa dirisha, si mbele yake wala nyuma yake. Mwanga wa pembeni haumpigi mtu machoni wala hauakisi kwenye kioo cha simu au kompyuta. Kitanda cha zamani kilichokutwa humo, kikikatwa na fundi na kupewa godoro jembamba, kinakuwa benchi la kulalia mchana. Kiti kimoja kizuri ni bora kuliko vitatu. Vikiwa vitatu, hiyo ni sebule nyingine, na wageni watahamia.

Cha mwisho ni makubaliano

Kuna jambo moja ambalo fundi hawezi kulitengeneza. Katika nyumba nyingi, mtu anayejifungia peke yake anaonekana ana kinyongo, au anaringa, au anaficha kitu. Baba akienda bandani kila jioni, mama anabaki na watoto wote. Mama akienda, chakula kinaulizwa. Chumba kinaweza kuleta ugomvi kuliko utulivu.

Familia zinazofanikiwa huwa zinalisema mapema: banda ni la nani, saa ngapi. Mmoja anaweza kulitumia alfajiri kabla ya kazi, mwanafunzi wa kidato cha nne baada ya shule, mwingine baada ya isha. Mlango uwe na komeo linalofunguka pia kwa nje, kwa usalama. Na kuwe na sheria moja ambayo kila mtu, hata mtoto wa miaka sita, anaielewa: mlango ukifungwa, bisha hodi, na kama si jambo la haraka, subiri.

Banda la mita saba za mraba haliongezi ukubwa wa nyumba. Linachoongeza ni mahali ambapo mwalimu anaweza kumaliza madaftari yake saa mbili usiku badala ya saa sita, na mama akafungua kitabu bila kuombwa meza. Kwa hilo, bati lililozibwa na sakafu kavu ni mwanzo wa kutosha.